Fundi Hakusahau Oili

Hapana. Hapo ndio unakosea, na nitakwambia hata kama chai yako itapoa. Unasema Fundi alizeeka, akasahau kuweka oili kwa pikipiki ya Mwalimu, injini ikashika, ikakataa kuzunguka. Mimi nilikuwa hapa steji ya boda, ng'ambo ya barabara kutoka kibanda yake, na nilimwona akiweka. Alifungua kopo mpya. Alimimina pole pole kama padri anabatiza mtoto, na hakumwaga hata tone. Kwa hivyo hiyo ya kusahau, toa kabisa. Kama unataka kumlaumu, mlaumu na kitu yenye alifanya. Hiyo nitakwambia mimi mwenyewe, sitaificha. Lakini kwanza utanisikiza vile huyo mtu yuko, juu watu wa hii Nyeri mnahukumu mtu na hamjawahi hata kumwona akishika spana.

Jina lake sitasema. Hata bibi yake anamwita Fundi. Mafundi wa pikipiki hapa ni wengi kuliko pikipiki, kila kona kuna mtu na boksi ya spana, lakini mtu akisema Fundi peke yake, bila kuongeza kitu, ni yeye. Kibanda yake iko nyuma ya soko, mabati tatu na nguzo za mti. Kazi yake kubwa ni zile pikipiki za Kiingereza za zamani, zenye wazungu wa mashamba waliacha zikabaki na walimu na makatekista. Zimebaki chache. Zote zinamjua.

Sasa, hizi zetu za bodaboda, kubadilisha oili ni kitu ya dakika kumi. Oili inakaa chini ya injini, unafungua nati moja, inashuka, unafunga, unaweka ingine, unaenda kutafuta abiria. Hizo za zamani haziko hivyo. Oili inakaa kwa tenki yake ndogo, chini ya kiti. Inashuka na paipu, pampu inaivuta, inazunguka injini yote, halafu pampu inairudisha tena juu kwa tenki. Ukimwaga ya tenki, kuna ingine imelala chini ya injini. Ukimwaga ya chini, kuna ingine kwa paipu. Na kuna chujio ya waya, kama ile ya majani ya chai, imebeba uchafu wa miaka. Mafundi wengi wanamwaga ya tenki peke yake, wanajaza, wanakwambia imebadilishwa.

Fundi alikuwa anaskia uchungu na hiyo maneno. Ukweli, uchungu ya kweli, kama mtu ametukaniwa mama. Alikuwa anasema, "Ikibaki kikombe moja ndani, hujabadilisha. Umechanganya." Hiyo aliniambia labda mara mia. Aliambia wateja. Aliambia mbuzi ya jirani.

Siku moja mtu wa Kagio alileta pikipiki ya marehemu baba yake juu ya pikapu ya nyanya. Akaapa ati oili inabadilishwa kila mwezi, na injini bado inapiga kelele kama mtu anatwanga mahindi. Fundi hakubishana. Alifungua chini, akatoa chujio, akaiweka kwa kiganja ya yule mtu. Ilikuwa imejaa kitu nyeusi, nzito, unaweza kufinyanga tonge. Fundi akamuuliza kama hiyo pia ni ya mwezi huu. Yule mtu aliangalia mkono yake, akaangalia nyanya zake. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi hakucheka. Alienda kuchukua mafuta ya taa aoshe ile chujio, akasugua na mswaki mpaka waya ikang'aa.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuna mtu angeuvunja. Kwanza injini lazima iwe moto. Oili baridi, alikuwa anasema, inashika ukuta kama mtu hataki kuamka. Kwa hivyo ukileta pikipiki imelala, anakurudisha barabarani. Nenda mpaka Chaka, rudi, halafu tuongee. Kulikuwa na afisa wa polisi, mtu mkubwa kutoka pande za magharibi, alikuja na yake amevaa nguo za raia. Akaambiwa aende Chaka. Akasema yeye amekuja kubadilisha oili, si kutalii, na anajua Fundi hana leseni ya kibanda. Fundi alirudisha spana kwa boksi, akafungua gazeti ya juzi, akaanza kusoma. Yule afisa alisimama hapo, akaangalia huku, akaangalia kule, sisi wote wa steji tukiangalia. Mwishowe alikick pikipiki akaenda Chaka. Aliporudi Fundi alikunja gazeti akamwambia, "Sasa umefika, afande. Karibu." Mpaka leo huyo afisa hawezi peleka yake kwa mtu mwingine.

Injini ikishakuwa moto, anafungua juu, anafungua chini, anachomoa paipu. Analaza pikipiki upande huu, anailaza upande ule. Anatoa plagi ili injini isiwake, halafu anapiga kick pole pole, mara kumi, mara kumi na tano, itapike yenye imejificha. Na bado hajamaliza. Anaiacha hapo idondoke mpaka kesho. Unaweza kulia, unaweza kumwambia uko na mazishi Othaya, anakwambia uende na miguu.

Washa ya shaba, ile pete inakaa kwa nati ya chini, hakuwa ananunua ingine. Alikuwa anaichukua nyumbani, anaiweka kwa jiko ya bibi yake mpaka inakuwa nyekundu, anaiangusha kwa maji. Inalainika, inakaa vizuri tena. Shida ni kwamba kwa hiyo jiko kulikuwa na githeri, mahindi na maharagwe ya jioni. Mama, huyo bibi yake, alikuwa ameweka rangi nyekundu kwa sufuria zake zote, kando, ili Fundi azijue asiziguse, juu Fundi alishawahi kuchukua moja akakinga oili chafu, na akairudisha imeoshwa vizuri sana, na chai ilinuka injini wiki mbili. Nilimpata Mama siku moja akiwa amekasirika, akanionyesha geti ya boma yao. Iko na bawaba moja. Ile ingine Fundi aliahidi kabla mtoto wao wa mwisho aende shule, na huyo mtoto saa hii ako na watoto. Mama akaniambia, "Pikipiki ya watu anaimaliza mpaka tone ya mwisho. Nyumba yangu anaachia robo."

Na ni kweli, siwezi kubisha. Paa yake inavuja. Gumbuti zake ziko na mdomo, vidole vinachungulia. Hajawahi kuwa na pikipiki yake mwenyewe, anatembea na baiskeli yenye breki ni kiatu. Haendi kanisa, na anajua sala kuliko mzee wa kanisa. Hiyo ya sala ngoja, nitafika.

Mimi nilianza naye vibaya. Nilikuwa nimetoka Kenol, huko nilikuwa nafanya kazi ya boda na nimejifundisha kurekebisha yangu, kwa kuangalia simu na kuharibu. Sikuenda shule ya ufundi. Kwa hivyo nilikuja Nyeri na mdomo. Siku ya kwanza nikasimama kwa kibanda yake nikimwambia vile inafanywa, nikamwonyesha video ya mzungu akibadilisha oili ya pikipiki kama hizo. Fundi aliangalia yote, miwani imefungwa na waya. Akaniuliza kitu moja tu: huyo mtu amesema ameiendesha kwanza? Nikaangalia tena. Hakuwa amesema. Fundi akanirudishia simu akasema, "Basi huyo ni Redio. Kama wewe." Tangu hiyo siku mimi ni Redio. Hakunifundisha kitu na mdomo, lakini hakunifukuza pia. Nikikosa abiria nilikuwa nasimama hapo nikiangalia mikono yake. Kila kitu najua ya maana nimeiba hapo, na alijua ninaiba.

Masikio yake nayo, hiyo ni kitu ingine. Alikuwa anakaa amegeukia ukuta, pikipiki inapita barabarani, anasema bila kugeuka: huyo valvu yake imebana, na amebeba mtu mzito. Tulikuwa tunatoka kuangalia. Ni mama na gunia ya viazi.

Sasa sala. Ukishamwaga oili yote namna hiyo, mpaka paipu ziko kavu, kuna hatari. Pampu imejaa hewa. Unaweza jaza tenki mpaka juu na pampu isivute, na injini inawaka vizuri tu, inaimba, na ndani hakuna kitu inafika. Kwa hivyo ukiwasha, unafungua kifuniko ya tenki unachungulia. Kuna kapaipu ndani. Oili ikizunguka, hako kapaipu kanaanza kutema, kama mtoto anatema uji. Ukiona imetema, umemaliza. Usipoona, unazima haraka kabla injini ijikule. Fundi hakuwa na saa. Alikuwa anawasha, anainama juu ya tenki na tochi, na anaanza Baba Yetu kwa Kikuyu, pole pole. Akifika amina na hakuna kitu, anazima. Anafungua paipu, anatoa hewa, anaanza tena. Watu walikuwa wanafikiri anaombea pikipiki. Wengine walikuwa wanavua kofia.

Ndio tumefika kwa ya Mwalimu.

Mwalimu ni mzee mstaafu wa huko Mweiga. Hiyo pikipiki aliinunua akiwa kijana, akafundisha nayo shule tano, akabeba nayo bibi yake siku ya arusi. Fundi ndiye ameishika miaka yote. Mwalimu alikuwa amelala ndani, mgonjwa, hawezi kutoka kitandani, na alikuwa amesema kitu moja: anataka kuisikia ikiingia kwa boma yake. Kijana yake akatoka Nairobi. Akaileta kwa Fundi siku ya kwanza, akaambiwa kesho. Kesho akarudi asubuhi na viatu safi, simu kwa sikio, akiambia watu wa nyumbani anakuja saa hii.

Nilimwona Fundi akimimina. Nilimwona akiwasha na akainama na tochi. Halafu nikapata abiria wa Ruring'u, nikaenda. Niliporudi pikipiki haikuwa hapo, na Fundi alikuwa amesimama katikati ya kibanda na tochi bado inawaka, mchana. Nikamuuliza kama imeenda. Akasema imeenda.

Ilikufa kwa kile kipande cha kupanda kabla ya Mweiga. Ilishika kabisa, gurudumu ikafunga, kijana akaanguka akachubuka mkono. Mungu saidia hakuna gari ilikuwa nyuma. Pikipiki ikarudishwa kwa Fundi juu ya pikapu, na kabla jioni stori ilikuwa imefika steji. Kijana alisema Fundi hakuweka oili. Mtu akaongeza ati macho imeisha. Mwingine akasema hata mwaka jana alimwona akitafuta spana na imeshikwa kwa mkono. Watu waliacha kuleta vitu. Kibanda ikawa na kuku.

Na yeye hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliniua. Nilienda nikamwambia, Fundi, mimi niliona, kopo mimi niliona, twende tukaseme. Aliendelea kunoa patasi. Kwa hivyo nikasema mimi. Nilisema steji, nilisema sokoni, nilisema kwa mazishi ya mtu hata sikumjua. Nilimwagia mtu chai kwa shati kwa sababu alisema neno kipofu, na mwenyekiti wa steji akanisimamisha kazi wiki nzima. Sijuti. Nikakutana na fundi mwingine, mwenye anabadilisha ya dakika kumi, akaniambia kwa sauti ya huruma: mzee wako angemwaga ya tenki tu kama sisi, hiyo injini ingekuwa hai, juu pampu haingekauka. Kumaliza kwake ndiko kuliua. Na unajua hiyo iliniuma sana juu ni kweli. Nusu yake ni kweli. Mtu anayechanganya hana hatari ya hewa. Ako na hatari ingine, ya uchafu kukula injini pole pole, yenye hakuna mtu atamshika nayo.

Miezi tatu hivi ikapita. Halafu Jumapili moja Fundi akaja steji amevaa koti. Sijawahi kumwona na koti. Akapanda nyuma yangu akasema Mweiga. Njiani, hata tulipopita pale injini ilishikia hakugeuza kichwa. Nilifikiri anaenda kujitetea. Nilifurahi, nikaendesha haraka, nikiwa nimepanga yenye nitasema.

Tulimpata Mwalimu kwa kitanda karibu na dirisha, amebaki mifupa na macho. Kijana yake alikuwa amekuja pia, amekaa kwa stuli. Alipotuona alisimama kama mtu anataka vita. Fundi alivua kofia, akamsalimia Mwalimu, akakataa chai, akakataa kiti.

Akasema, "Mwalimu, kijana hajakudanganya, lakini hajui. Oili niliweka. Nilikuwa nimefika kwa mkate wetu wa kila siku na oili haijarudi kwa tenki. Akaniambia, 'Mzee wangu anangoja na wewe unaomba.' Nikamwachia."

Mwalimu akauliza, "Ulijua haijarudi?"

"Nilijua."

"Na ukamwachia funguo?"

"Nikamwachia. Nilifikiri itarudi ikiwa njiani. Nilitaka uisikie."

Kijana alirudi akakaa kwa stuli. Mimi nilikuwa na vitu mingi ya kusema. Nilitaka kusema ni wewe ulimharakisha, wewe na viatu yako. Fundi alinishika mkono hapa, juu ya kiwiko, akanifinya, na nikanyamaza. Mama yangu hajawahi kuweza hiyo.

Fundi akasema amefungua injini, pistoni imekwisha, silinda imekwaruzwa, lakini ataitengeneza mwenyewe, apewe mwaka moja.

Mwalimu akasema, "Mwaka mimi sina, Fundi."

Hakusema na hasira. Alisema kama mtu anakwambia saa. Halafu akauliza kama mahindi ya huko kwetu imepata mvua, na wakaongea mahindi. Wakaongea mpaka jua likaondoka kwa dirisha. Kabla tuondoke Mwalimu alishika ile mkono nyeusi ya Fundi akaishika tu, na kijana yake akaangalia nje.

Kwa barabara nilisimamisha pikipiki. Sikuweza kuendelea. Nikamwambia, kwa nini umebeba yote, huyo kijana ndiye alikimbiza, huyo kijana ndiye aliendesha, na injini lazima ililia kabla ishike, na akaendelea, ungesema nusu yake na nusu yako. Nilikuwa napiga kelele, ng'ombe zikatuangalia. Yeye alikuwa ananyoosha koti.

"Redio," akasema, "kijana alifanya kitu hajui. Mimi nilifanya kitu najua."

Halafu akaniambia niwashe, mvua inakuja.

Mwalimu alizikwa baada ya wiki chache. Hakuisikia. Fundi alienda, akasimama nyuma. Injini iko kwa kibanda yake mpaka saa hii, imefunguliwa yote, kila kipande kwa kitambaa yake, na anaifanya kila siku bila mtu kumtuma. Kijana alimwambia achukue tu, akakataa. Anasema itarudi Mweiga.

Na ninyi hapa steji, vile mlisikia amekubali mwenyewe, mkasema si mnaona, si tulisema. Hamkusema hivyo. Mlisema alisahau. Mlisema kipofu. Mtu mwenye amefanya kazi moja bila kukosea tangu mimi sijazaliwa, akakosea mara moja, kwa sababu ya huruma, halafu akavaa koti akaenda kusema kwa mtu anakufa, mbele ya mtu mwenye angeweza kumwachia lawama. Na mnampelekea yule wa dakika kumi. Kesho yake, baada ya ile safari ya Mweiga, mimi nilipeleka boda yangu kwa Fundi, akanirudisha Chaka, nikaenda Chaka.

Wewe mwenye unakunywa chai hapo, niambie kitu moja. Huyo fundi yako mpya, siku gani alikuja kwako na miguu yake akakwambia ni yeye aliharibu?